Bi Mwalimu na Kitabu Kisicho na Mwanzo

Sisi watoto wa mtaa wa Jadida, Wete, tulimjua Bi Mwalimu kwa nguo. Akiwa kajifunga shuka nyeupe, ni asubuhi, ni chuo cha Kurani, na hapo hakuna mchezo: macho kwenye juzuu, mdomo kwenye herufi, na kikoto cha kuchapia kipo mapajani mwake kinamsubiri mwenye kupiga miayo. Akiwa kavaa kanga, tena zile zake mbili zisizofanana, ya chini nyekundu na ya juu imekwisha rangi kabisa, basi ni baada ya sala ya alasiri. Kikoto kimeshatundikwa msumarini nyuma ya mlango, na wewe mtoto una ruhusa ya kusema. Nimesema ruhusa, lakini ilikuwa lazima. Alasiri ukinyamaza ndipo unapogombwa.

Nilimpenda sana mwanamke yule. Naliweka hili mbele ili nitakapotaja ubahili wake wa sukari na vituko vyake vingine, asije mtu akadhani namsengenya. Jina lake la kuzaliwa nalijua, lakini halinikai mdomoni, kwa sababu sikumsikia mtu yeyote akimwita kwalo. Hata muuza samaki, ambaye aligombana naye kila wiki juu ya changu waliolegea, alikuwa akigombana na Bi Mwalimu.

Alikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Marehemu mumewe alikuwa karani forodhani, na yeye ndiye aliyekileta nyumbani, na ndiye aliyemfundisha mkewe zile herufi za kizungu wakiwa wawili tu chumbani, maana enzi hizo mwanamke kuonekana anajifunza herufi hizo lilikuwa jambo la kuchekwa mtaa mzima. Mume alikufa, kitabu kikabaki. Tangu huko forodhani kilikuwa kimeshaingiwa na mchwa. Jalada lilikuwa limeliwa, na kurasa za mwanzo zimeliwa, hata hadithi ya kwanza ikawa inaanzia katikati ya sentensi, juu kabisa ya ukurasa uliobaki: "naye hakurudi tena kwa babaye."

Basi. Ni nani huyo ambaye hakurudi? Alitoka wapi, na kwa nini? Mtu mwingine angeiruka hadithi hiyo akaanza na ya pili, ambayo ilikuwa nzima, ya sungura na fisi, tena ina picha. Bi Mwalimu hakuiruka hata siku moja. Kila kundi jipya la watoto lililokuja barazani kwake alilianzishia hapo hapo. Alikuwa akisoma maneno yale taratibu, kisha anainua kidole chake kutoka kwenye mstari, anatutazama.

"Kwa nini hakurudi?"

Nasi tunamwambia. Mmoja atasema kaliwa na simba. Mwingine, kaoa mke mkali. Mdogo wangu Hamadi, ambaye wakati ule hakuwa hata ameota meno yote, alisema hakurudi kwa sababu huko alikokwenda kulikuwa na boga la nazi. Bi Mwalimu akamgeukia kwa heshima kama anayemsikiliza kadhi, akamwuliza, "La nazi peke yake, au na sukari?" Hamadi akasema na sukari. "Hapo basi," akasema Bi Mwalimu, "hata mie nisingerudi."

Hakupata kutuambia hata mara moja kwamba fulani kapata na fulani kakosa. Aliuliza tena tu: hiyo sukari kaipata wapi? Huyo mke mkali, babaye alimjua? Ukadhani umemaliza, kumbe ndiyo kwanza umeanza. Nilikuwa nikirudi nyumbani kichwa kinauma.

Msimu wa karafuu ndio uliokuwa msimu wake hasa. Mama zetu walikuwa wakituma mapakacha ya karafuu mbichi pale barazani, nasi tunakaa kwenye jamvi tunachambua, punje huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule, mikono imekuwa myeusi na inanata. Mikono ina kazi, masikio hayana. Bi Mwalimu alikaa katikati na kitabu chake, akisoma. Kila akifika mahali pazuri, pale ambapo fisi ameshafungua mlango au mfalme ameshauliza swali, anainua kidole na kunyamaza. Hapo ilikuwa sharti sote tuitikie kwa pamoja: "Ehe! Akafanyaje?" Tusipoitikia hasomi. Atakaa, ataanza kuchambua karafuu yeye mwenyewe, polepole, kama mtu asiye na habari na kitabu chochote duniani. Kisha atauliza bila kututazama, "Hivi nasoma na watu au nasoma na mawe?"

Tukiitikia, bado hafungui njia hivi hivi. Kwanza tuseme sisi tunavyodhani atafanyaje. Akishatusikia wote ndipo anasoma, na mara nyingi kitabu kilisema jambo dogo kuliko yetu. Hapo alikuwa akikitazama kitabu kwa masikitiko, kama anayemtazama mtoto wa watu aliyeshindwa na hesabu nyepesi.

Kwa vile yeye alikishika kitabu kimeelekea kwake nasi tumekaa mbele yake, mimi nilizijua zile herufi zikiwa juu chini. Hakunifundisha mtu. Nilifuata kidole chake tu, siku baada ya siku, hata siku moja nikamwitikia neno kabla hajalitamka. Akanitazama, akakigeuza kitabu kinielekee sawasawa. Nikashindwa kusoma hata herufi moja. Alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani. Mpaka leo nikikaa mbele ya mtu anayesoma gazeti, nalisoma upande wangu kwa raha zangu na yeye hajui.

Alikuwa na hasira na watu wa ndani ya vitabu. Sijui niielezeje. Alimchukia fisi wa hadithi ya pili kana kwamba alikuwa jirani yake wa ukuta. "Mjinga huyu! Kaambiwa asifungue, kafungua!" Mara moja alikifunga kitabu kwa kishindo, akaingia ndani, na hatukumwona tena mpaka kesho yake. Hadithi ile alikuwa ameshaisoma miaka na miaka, mwisho wake aliujua kuliko mtunzi. Lakini kila mara alikuwa akitumaini kwamba safari hii fisi atakuwa na akili.

Chai yake ilikuwa nyeusi chungu. Sukari aliifungia kwenye kikopo, na kikopo akakifungia sandukuni, na ufunguo wa sanduku akaufunga pembeni mwa kanga. Mkono wake katika kupika haukuwa na bahati, wali wake ulikuwa na ukoko juu na chini. Wanaume aliwaonea haya mno. Shehe wa mtaa akipita njiani, Bi Mwalimu alikuwa akijifunika uso wote mpaka akikosea mlango wa nyumba yake mwenyewe. Sauti yake lakini haikuona haya kwa mtu. Ukiwa kisimani unamsikia anamtukana fisi.

Tena kuhusu Kurani hakuwa na masihara hata chembe. Asubuhi mtoto akiuliza neno lolote katikati ya kisomo, kikoto. Siku moja nilimwuliza, alasiri lakini, mbona asubuhi tukiuliza tunapigwa na alasiri tukinyamaza tunagombwa. Nilikuwa na ujeuri. Akaniambia, "Asubuhi ni maneno ya Mola wako, unayapokea kwanza kama yalivyo, kuuliza utauliza ukishayashika. Alasiri ni maneno ya watu, na watu wana uongo. Waulizwe." Na kabla ya sala alikuwa akikilaza kile kitabu chake cha picha kifudifudi, akakifunika kwa kawa, kama chakula. Baba mmoja mtaani alikuwa amesema kwamba picha hufukuza malaika. Bi Mwalimu hakubishana naye. Alisema tu kwamba malaika wa Jadida si wa kutishwa na sungura.

Tatizo lilikuwa hili: sisi watoto tulizijua kanga na shuka za Bi Mwalimu, lakini za watu wengine hatukuzijua.

Mfunguo Sita mmoja, mwezi wa kuzaliwa Mtume, maulidi yalisomwa kwenye nyumba kubwa ya mwenye mashamba, mtu wa ukoo wa Kiarabu aliyeheshimiwa Wete nzima, na watoto wake wawili walikuwa wakisoma chuo kwa Bi Mwalimu pamoja nasi. Wanaume walikaa mbele kwa makanzu yao, wanawake nyuma ya pazia, sisi watoto kwenye mkeka wa pembeni, udi unafuka, tumeoga na tumepakwa mafuta. Ukamalizika usomaji wa Kiarabu, shehe akaanza kueleza kwa Kiswahili ili kila mtu afahamu. Akaeleza habari za Bi Halima, alivyokuja kumchukua Mtume wetu akiwa mtoto mchanga ili amnyonyeshe. Alieleza vizuri sana, shehe yule alikuwa na ulimi. Akafika kwa yule punda wa Bi Halima, dhaifu, amekonda, ambaye wakati wa kuja alikuwa nyuma ya wote. Sasa mtoto amepakiwa juu yake. "Punda akasimama," akasema shehe. Akanyamaza. Akatoa kitambaa akajifuta jasho.

Kilichofuata hakikupangwa na mtu. Mkeka mzima wa watoto, sote tuliokuwa wa Bi Mwalimu, tukapaza sauti: "Ehe! Akafanyaje?"

Na Hamadi wetu, ambaye hakupata kungoja zamu yake, akaongeza peke yake: "Akatoka mbio!"

Nakumbuka kitambaa kilivyosimama kwenye shavu la shehe. Nakumbuka baba yangu alivyotazama chini. Shehe akaendelea, punda akatoka mbio kweli, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza punda tena. Mwenye nyumba alikuwa ametukazia macho mpaka mwisho, na nyuma ya pazia nikasikia mama mmoja akinong'ona, "Wa kwake hao. Wa yule."

Siku hizi mtu atacheka. Wakati ule halikuwa la kucheka. Mtoto kumkatiza shehe, kwenye maulidi, mbele ya watu! Adabu ya mtoto ilikuwa ni kusikiliza, na kusomewa kulikuwa ni kunyamaza. Mwenye nyumba aliwatoa watoto wake kesho yake akawapeleka chuo kingine. Wazazi wengine wakafuata, mmoja mmoja, bila maneno mengi. Mama yangu aliniambia, "Alasiri hutoki uani. Wala Hamadi. Tushaaibika ya kutosha." Asubuhi tukapelekwa kwa mwalimu mwanamume upande wa pili wa mji, ambaye hakuwa na kitabu kingine wala nguo nyingine.

Bi Mwalimu hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, na ndugu zake walikuwa mbali. Watoto wale ndio waliokuwa maisha yake. Nililijua hilo hata nikiwa mdogo, na nilikuwa nikilala ninalia.

Nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ua wa makuti tu. Siku ya kwanza ya adhabu yetu, baada ya alasiri, tukasikia upande wa pili jamvi linatandikwa. Likapigwa vumbi. Kisha sauti, ile ile ya kusikika kisimani: "naye hakurudi tena kwa babaye." Kimya. "Kwa nini hakurudi?"

Nikamtazama mama. Alikuwa anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, ananitazama kwa jicho la kunikataza hata kupumua.

"Nasoma na watu au nasoma na mawe?" ikauliza sauti ya upande wa pili. Kuku mmoja akajibu. Bi Mwalimu akaendelea kusoma hadithi yote mpaka mwisho, na kila mahali pa kusimama akasimama, akangoja ule muda wetu, kisha akaendelea. Alisomea jamvi tupu. Kesho yake tena, na kesho kutwa yake. Hakwenda kwenye hadithi ya pili. Kila siku aliisoma hadithi ya kwanza, na kila siku aliuliza lile lile la kwanza, na kila siku sauti yake ilikuwa imesogea karibu kidogo na makuti.

Hapa lazima nieleze jambo la mama yangu. Kwao ni Kiuyu. Aliolewa na baba yangu bila ya ridhaa ya mzee wake, aliyekuwa amemtakia mtu mwingine, na tangu siku aliyotoka Kiuyu hakurudi. Sisi tulizaliwa, tukakua, hatujamwona babu. Habari zilikuwa zikija kwa watu wanaoleta muhogo na dagaa mjini, kwamba mzee yupo, mzima, kanyamaza. Mama alikuwa akizisikiliza huku akifanya kazi, bila kuuliza neno. Mimi nilidhani hazimhusu sana.

Siku moja mama alikuwa tena juu ya mbuzi, nazi nusu imeshakunwa. Bi Mwalimu upande wa pili akasoma, akanyamaza, akauliza, "Kwa nini hakurudi kwa babaye?"

Na mama yangu akapiga ukelele: "Kwa sababu hakuitwa!"

Kifuu kikamtoka mkononi kikabingirika. Mama mwenyewe akashtuka kuliko sisi. Akajiziba mdomo kwa mkono uliojaa nazi.

Kisha Bi Mwalimu akauliza, taratibu, kama alivyokuwa akituuliza sisi, "Nani kasema hivyo?"

Mama akainama akaokota kifuu.

"N'nauliza nani kasema. Maana kasema jambo. Miaka yote nasoma hapa, nimeambiwa simba, nimeambiwa boga, hili sijaambiwa. Aje huku anieleze."

"Mie, Bi Mwalimu," akasema mama.

"Weye Bi Saada? Haya. Hakuitwa. Na yeye huyo kijana, alimwita babaye?"

Mama akasimama, nazi imemganda mpaka vifundoni. Nilidhani anakwenda kumgombeza. Akazunguka ua, nasi nyuma yake, akaingia barazani kwa Bi Mwalimu akakaa juu ya jamvi mahali petu sisi watoto, akalia. Analia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya wanawe. Bi Mwalimu hakumbembeleza. Alikilaza kitabu kifudifudi, akafungua fundo la kanga, akaingia ndani, akatoka na chai. Ile chai ilikuwa na sukari. Niliionja, ndiyo maana nasema.

Tulibaki pale mpaka magharibi. Kesho yake alasiri mama mwenyewe alitutuma, na pakacha la karafuu juu. Jirani wa pili alipotuona tumekaa akaleta wake. Wakarudi hivyo hivyo kidogo kidogo, alasiri kwanza, na baadaye wengi wakarudi na asubuhi. Watoto wa mwenye mashamba hawakurudi, na Bi Mwalimu aliwataja kila mara, akiwalaumu kama kwamba ni wao walioamua.

Karafuu zilipokwisha, mama alitupeleka Kiuyu. Hakuwa ameitwa. Babu alikuwa mlangoni, anasokota kamba, ametukodolea macho sote. Alisogea tu kwenye mkeka wake, akaacha nafasi. Mama akakaa, na Hamadi, bila ya kutambulishwa wala kusalimu, akamwuliza babu kamba ile ni ya nini na anayefungwa ni nani. Babu akaanza kumweleza, na maneno ya miaka yote yakapita humo.

Mfunguo Sita wa mwaka uliofuata, maulidi yalikuwa nyumba nyingine, shehe yule yule. Akafika kwa punda wa Bi Halima. Akasema, "Punda akasimama." Akatugeukia sisi watoto, safari hii makusudi, ananyanyua nyusi, nusu anacheka, na akauliza yeye mwenyewe: "Akafanyaje?"

Hakuna aliyefungua mdomo. Tulikuwa tumeshapigwa sana kwa ajili ya punda yule. Shehe akangoja, akakata tamaa, akaendelea.

Njia nzima ya kurudi Bi Mwalimu alitugomba. "Mtu mzima! Shehe mzima kauliza, mkamkalia kimya kama mawe! Mmenitia aibu leo!" Hamadi akamwambia kwamba mwaka jana tulisema tukaambiwa tumetia aibu, na mwaka huu tumenyamaza tumetia aibu. Bi Mwalimu akasimama katikati ya njia. Akafikiri. "Kweli," akasema. "Basi bora ile aibu ya kwanza."

Nilimwona mara ya mwisho nikiwa mke wa mtu, naishi Wawi, nina binti yangu Zuhura wa umri wa kupoteza meno ya mbele. Hiyo ni baada ya vita vya Wajerumani kwisha, wakati mchele ulipoanza kupatikana tena. Mume wangu alikuwa amekwenda Unguja, na dukani huko alikiona kile kitabu. Kitabu chenyewe, chapa mpya, kizima, jalada na kila kitu! Alikuwa ameshanisikia nikikieleza mara nyingi, akaninunulia. Sikukifungua. Niliapa kwamba mwanzo wa hadithi ile sitausoma mpaka niusome mbele yake.

Tulimkuta kitandani, kwenye chumba cha mbele. Macho yalikuwa yamefunga utando, yamekuwa meupe, haoni. Alikuwa amekonda hata kanga inamlalia kama imetandikwa juu ya kitanda kitupu. Jirani aliyekuwa akimwangalia aliniambia mlangoni kwamba kila Alkhamisi wanakuja wanawake wanamsomea Yasini, sura isomwayo kwa mahututi na maiti, na yeye ametulia tu.

"Shikamoo, Bi Mwalimu."

"Marahaba. Nani huyo?" Nikamtajia. "Wa Bi Saada! Yule wa kusoma juu chini." Akanishika mkono, akaupapasa mpaka kwenye kiwiko. "Na huyu anayepumua hapa?"

"Mwanangu, Zuhura."

"Mbona hasemi?"

"Ana adabu, Bi Mwalimu," nikasema, na nilikuwa najisifu.

Nikamwambia habari ya kitabu. Hakuamini. Akataka akishike. Akagusa jalada, akakinusa, akafungua mwanzo na kupitisha kidole kwenye karatasi zile ambazo hakupata kuziona maisha yake yote, akihesabu kwa mguso. "Kumbe hazikuwa nyingi," akasema. Akanirudishia. "Haya mwanangu. Soma."

Nikasoma. Kumbe yule kijana alikuwa mvivu, babaye akamfukuza kwa ajili ya uvivu, akapanda chombo kwenda nchi ya mbali, "naye hakurudi tena kwa babaye." Ndiyo hayo tu. Nikaona nisiishie hapo, nikavuka nikaingia kwenye zile sehemu tulizozijua, nikasoma vizuri, bila kukwama, kila nukta mahali pake, sauti imenyooka. Nilitaka asikie nilivyokuwa msomaji. Nikafika mbali. Nilipoinua macho nikamwona amegeuzia uso ukutani.

"Umechoka, Bi Mwalimu? Niache?"

"Unasoma vizuri," akasema. "Hongera. Ila wanisomea kama maiti."

Nikakishusha kitabu.

"Alkhamisi wananisomea hivyo, nami nanyamaza, maana kile ni kisomo cha Mola wangu na ndiyo adabu yake. Lakini hii hadithi, mwanangu. Na mie sijafa bado. Hebu niulize."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa kuwa hakuyaona. Nikarudi kurasa zote nilizozivuka mpaka mwanzo. Nikaweka kidole juu ya mstari, nikausoma, nikakiinua.

"Kwa nini hakurudi, Bi Mwalimu?"

Akafikiri. Midomo ilikuwa ikienda, kama yetu sisi wakati ule tukiwa na karafuu mikononi. "Kitabu kinasema uvivu," akasema, "lakini kitabu hicho hakijui watu. Mvivu gani anayevuka bahari? Mie nasema hakurudi kwa sababu alisahau njia. Alikwenda mdogo mno."

"Siyo!" akasema Zuhura.

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mdomo wake. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo nilivyokuwa nikimlea: mgonjwa, mtu mzima, tena mwenye chumba chake, anasema, na mtoto anamkatiza. Lakini Bi Mwalimu alikuwa ameshageuka kutoka ukutani. Alijiinua kwa kiwiko, kichwa kimeelekea kule sauti ilikotokea.

"Mwache," akaniambia. Kisha, kwa ile sauti ya kusikika kisimani, au kwa iliyobakia ya sauti hiyo: "Ehe! Ilikuwaje?"

Zuhura akanitazama. Akapanda kitandani bila kuvua viatu, akakaa karibu na bega lake, akaanza kumweleza. Bi Mwalimu akamwuliza, naye akajibu, akamwuliza tena, naye akakasirika, wakaanza kubishana. Mimi nikabaki na kitabu mapajani, kidole kwenye mstari, nangoja waniambie niendelee.